Kutoka Nyanda za Juu Kusini hadi tenisi ya kulipwa: mwongozo kwa mzazi

Mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetamani mwanawe aishi kwa tenisi asianze kwa kutafuta kocha Dar es Salaam, bali apime kwanza uwanja wa netiboli wa shule iliyo jirani. Uwanja huo una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na wa tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, kwa hiyo mistari yote huenea ndani yake, ingawa nyuma ya mstari wa mwisho hubaki mita tatu na kidogo tu, ambazo hazimtoshi kijana aliyekwisha kupata nguvu. Mtoto mdogo hahitaji hata hizo: mpira mwekundu, ulio laini na wa taratibu, huchezewa uwanja wa mita 11 kwa 5.5, kisha hufuata wa rangi ya chungwa na wa kijani kabla ya ule wa njano wa kawaida. Hatua hizi zisirukwe, kwa maana mtoto anayekabidhiwa mpira wa njano mapema huupiga ukiwa juu ya mabega yake, na mshiko mbaya wa raketi anaouzoea wakati huo huwa mgumu kuuondoa baadaye.

Jambo ambalo makocha wa pwani hawalazimiki kulifikiria, nasi tunalazimika, ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa hauko chini sana ya hapo. Hewa ni nyepesi, mpira husafiri kwa kasi zaidi na hudunda juu zaidi. Kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu, yenye mgandamizo mdogo wa hewa ndani, katika mashindano yanayofanyika juu ya mita 1,219, lakini mipira hiyo ni adimu madukani kwetu, hivyo wengi hufanya mazoezi na ya kawaida na kukaza nyuzi za raketi kwa kilo moja au mbili zaidi ili wapate kuudhibiti mpira. Kijana huyo akishuka Dar es Salaam, mapigo yaleyale huangukia kifupi na mpinzani wake humshambulia. Afike angalau siku nne kabla ya mashindano, alegeze nyuzi, na ajifunze kuupitisha mpira juu zaidi ya wavu. Nairobi itamkaa vizuri kwa kuwa nayo ni ya nyanda za juu. Monastir nchini Tunisia na Sharm El Sheikh nchini Misri, ambako mashindano ya ngazi ya chini ya kulipwa huandaliwa wiki baada ya wiki, yako kando ya bahari, kwa hiyo huko ajiandae kama anavyojiandaa kwa Dar es Salaam.

Kuanzia miaka 13 hadi 18 kijana anaweza kushiriki mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ambayo ngazi yake ya chini huitwa J30. Kabla ya hapo ahitaji pasipoti, namba ya usajili ya ITF inayoitwa IPIN, na mawasiliano mazuri na chama cha tenisi cha taifa.

Kuhusu fedha, mzazi aambiwe ukweli mapema. Shindano la M15 la wanaume, ambalo ni la ngazi ya chini kabisa ya kulipwa, hugawa jumla ya dola 15,000 kwa wachezaji wote. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja hupata pointi 15 za orodha ya ubora duniani, na anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na chini ya dola 200, ambazo hazirudishi hata nauli ya ndege. Pointi hizo huhesabiwa kwa wiki 52 kisha hufutika, kwa hiyo mchezaji hawezi kusafiri mara moja kwa mwaka na kutegemea kupanda. Mapitio ya ITF kwa takwimu za mwaka 2013 yalionyesha kwamba mwanaume alianza kurudisha gharama zake, bila kuhesabu kocha, akiwa nafasi ya 336 duniani, na mwanamke nafasi ya 253.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, familia isiyo na mfadhili isimtoe kijana kidato cha nne na kumwingiza moja kwa moja kwenye mashindano ya kulipwa. Ufadhili wa chuo kikuu cha Marekani humpa kocha, viwanja na wapinzani wazuri huku akisoma. Mchezaji wa Uingereza Cameron Norrie alipitia huko kabla ya kufika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 2022. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa mwaka huohuo ubingwa wa wasichana wa Wimbledon kwa wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp, naye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn. Vyuo hivyo hutazama alama za sekondari, hasa Kiingereza na hisabati, pamoja na video ya mechi nzima isiyokatwakatwa. Kijana asipokee fedha yoyote ya ushindi kabla ya kusoma masharti ya chuo husika, na maombi yaanze akiwa kidato cha tatu.