Mrututu hauchanganywi kwenye debe

Nimelisema hapa Lushoto kila msimu, na wiki hii nimelikuta tena: mkulima wa nyanya kakoroga mrututu (ile chumvi ya shaba ya buluu, dawa ya ukungu) ndani ya debe la mafuta ya kupikia, kisha analalamika kwamba bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa nyanya, imemshinda. Nikainamisha debe. Ndani kulikuwa na utando mwekundu uliokoza. "Kutu tu hiyo, bwana shamba." Si kutu, mzee wangu. Ile ni shaba, dawa yenyewe uliyoilipia, imeganda kwenye debe badala ya kufika kwenye jani.

Mrututu ukiyeyuka, shaba husambaa majini katika chembe zenye chaji. Ndizo zinazoleta ule ubuluu. Zikigusa chuma hubadilishana nafasi: chuma huingia majini, shaba hutoka na kung'ang'ania pale pale. Bati lenye zinki ndiyo kabisa. Mwisho debe linatoboka na nyanya zimeogeshwa maji ya chuma.

Chukua ndoo mbili za plastiki. Kwa lita 20 za dawa, weka gramu 200 za mrututu kwenye lita 10 za maji, na gramu 200 za chokaa iliyozimwa, ya kuifunga shaba isiunguze majani, kwenye lita 10 nyingine. Kwa mizani! Konzi yako si ya jirani yako. Mrututu ufunge kitambaani, uuning'inize jioni kwa kamba (si waya, tafadhali) uguse maji ya juu tu. Maji yaliyobeba mrututu ni mazito, huzama, na mepesi hupanda kuendelea na kazi. Ukiutupa chini, asubuhi utaukuta bado mawe.

Asubuhi mimina mrututu ndani ya chokaa, polepole, ukikoroga. Usigeuze ukamimina chokaa kwenye mrututu. Chokaa iliyokaa mfuko wazi msimu mzima imeshanyonya hewa na kupoa nguvu, iache.

Sasa msumari mpya, usugue kwa msasa, uzamishe dakika moja. Ukitoka na wekundu ule ule wa debe, bado kuna shaba huru, nayo itaunguza majani. Ongeza gramu 20 za chokaa, koroga, jaribu kwa msumari mwingine. Ukitoka mweupe, chuja upige.

Piga siku hiyo hiyo, umande ukishakauka. Dawa iliyolala hufanya chembe kubwa: haishiki jani, inaziba nozeli tu.