Giverny: anza na bwawa
Ukiwa Paris na una siku moja ya nafasi, nenda Giverny, nyumbani kwa mchoraji Claude Monet, alikoishi tangu 1883 hadi alipofariki 1926. Panda treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Saint-Lazare hadi mji wa Vernon, kisha basi la kwenda kijijini. Tiketi ya kuingilia nunua mapema mtandaoni. Ukishaingia, usiduwae kwenye maua ya mbele: pita njia ya chini ya barabara, nenda moja kwa moja kwenye bwawa la mayungiyungi alilolichora Monet, kabla watu hawajajaa kwenye daraja lake. Maji yametulia, mierebi imeinama, na hapo ndipo utaielewa michoro yake. Nyumba baadaye, ila jiko la vigae vya buluu usilikose. Mayungiyungi huchanua vizuri Julai na Agosti. Majira ya baridi pamefungwa.