Sororiti za Marekani: jinsi ya kuomba, na ile saini ya usiku wa mwisho

Wadogo zangu mliopata vyuo Marekani na tayari mmeshaanza kunitumia zile video za sororiti, yani vyama vya kidugu vya wanafunzi wa kike wa chuo, wasichana wamejazana mlangoni wanapiga makofi, mkiuliza "dada, na sisi huko tunaingiaje", haya kaeni. Nimetoka kwenye huo mchakato juzi juzi tu na hasira hazijapoa, kwa hiyo ya kujaza jina na tarehe ya kuzaliwa mtamalizana nayo wenyewe, mi nitakaa pale palipokula muda na hela.

Jua kwanza unagonga mlango gani

Watu wanasema sororiti wakidhani ni kitu kimoja. Kuna familia mbili kubwa na taratibu zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni National Panhellenic Conference, yani NPC, ipo toka 1902, ina vyama zaidi ya ishirini, na hizo ndo za kwenye video, zile zenye majumba ya nguzo nyeupe. Ya pili ni National Pan-Hellenic Council, ilianzishwa 1930 pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ni ya Wamarekani weusi, na watu wanaiita Divine Nine kwa sababu ina vyama tisa. Vinne ni vya wanawake: Alpha Kappa Alpha (AKA) ya 1908, Delta Sigma Theta ya 1913, Zeta Phi Beta ya 1920 na Sigma Gamma Rho ya 1922. Vitatu vya kwanza vyote vilizaliwa Howard, cha nne Indianapolis. Ukiona Kamala Harris anashangiliwa na kina mama waliovaa pinki na kijani, hao ni AKA wenzake, alijiunga akiwa mwanafunzi Howard. Mbali na hizo kuna za Walatino, za Waasia, za mchanganyiko, nazo zina utaratibu wao.

Angalieni vizuri majina ya hayo mabaraza mawili maana yanatofautiana kistari na herufi chache tu. Mi nilitumiwa imeli za baraza nisilolihusu wiki nzima, na kila nikijibu napata shukrani ya kompyuta.

Tofauti yenyewe ni hii. NPC unajisajili onlaini, kuna wiki maalum ya kuzunguka nyumba zote, yani makao ya kila chama, mwisho kompyuta inawapanga. Divine Nine hakuna wiki kama hiyo. Tawi lenyewe linatangaza kikao cha taarifa likiwa tayari, na mwaka mwingine halitangazi kabisa, halafu wanataka uwe tayari una alama za chuo, masomo uliyomaliza, kazi za kujitolea zenye ushahidi, na barua za wanachama hai wanaokujua kweli. Kwa hiyo wewe uliyeshuka na begi Agosti hii, hao bado. Na tafadhali usiwaandikie inbox "naomba kujiunga", wala usivae rangi zao ukapiga picha. Kule kutangaza hamu yako hadharani ni kukosa adabu, wanataka wakuone kwenye shughuli zao za wazi, unabeba viti, unauliza maswali ya maana, unanyamaza. Uzuri wao wana matawi ya watu wazima pia, hivyo ukikosa chuoni unaweza kuingia baadaye ukiwa na digrii yako.

Chagua kwa kutulia, kwa sababu ukishaapishwa kwenye chama kimoja cha NPC huwezi tena kuingia kingine cha NPC, hata uhame chuo, hata uhame jimbo. Kwa Divine Nine nako ni hivyo hivyo, hakuna aliye AKA leo na Delta kesho.

Kuanzia hapa nazungumzia NPC, maana ndo mnayoiulizia.

Tarehe, kabla hujakata tiketi

Vyuo vingi, hasa vya kusini, wiki ya kuzunguka nyumba inakuwa Agosti kabla ya madarasa kuanza. Sasa wewe una viza ya mwanafunzi, F-1, na F-1 haikuruhusu kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo uliyoombea viza. Mara nyingi zinatosha, shida ni kwamba wiki hiyo hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni nayo ina semina yake ya lazima, na ofisi hizi mbili hazijawahi kunywa chai pamoja. Kila moja inakwambia ya kwake haina ruhusa ya kukosa. Ya wageni ndo ya kuheshimu kwanza, hapo kuna usajili wako wa SEVIS, ule mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Halafu waandikie Panhellenic, yani ofisi ya NPC hapo chuoni, mapema, kwa maandishi, uombe udhuru wa saa hizo. Udhuru wa darasa, ugonjwa na ibada wanaukubali, ila uwe umeomba kabla. Dada zangu Waislamu, Ijumaa yenu iandikeni humo humo, msingoje siku yenyewe mkiwa kwenye foleni na mchana unayoyoma. Na bweni: omba kuhamia mapema, uliza wanatoza shilingi ngapi kwa usiku, maana hiyo haimo kwenye ada ya usajili.

Fomu, na ule mtihani wa GPA

Ada ya kujisajili inalipwa kwa kadi na hairudi. Mfumo wetu ulikataa kadi ya nyumbani kwa sababu ulitaka anwani ya Marekani, kwa hiyo tafuta mtu wa huko akulipie umrudishie, usipoteze usiku mzima kubishana na kitufe.

Palipokula muda ni GPA, yani wastani wa alama, ya sekondari. Fomu inataka namba kati ya 0 na 4. Sisi wa mitihani ya NECTA ya Tanzania tunakuja na Division One, na kwetu pointi zikiwa chache ndo unatembea kifua mbele, ukiwa na 3 wewe ni bingwa wa shule. Ukiiandika hiyo 3 pale unaonekana wa kawaida tu, aliyepata 7 anakataliwa na mfumo kabisa. Wa KCSE ya Kenya nao na A- yao ya wastani wanaulizwa ni A- ya somo gani. Nikaenda ofisini na cheti. Mdada wa mapokezi akakisoma, akakigeuza nyuma, akaniuliza kwa upole kabisa nacheza mchezo gani. Division One kwao ni ligi ya wanamichezo wa vyuo! Nikamweleza, akanielekeza udahili, udahili wakasema hilo ni la Panhellenic, Panhellenic wakasema nitafute kampuni ya kutafsiri vyeti, na kampuni hizo hulipwa kwa dola.

Usilipe kwanza. Chuo kilipokudahili kuna mtu alikaa akazigeuza alama zako ili akukubali, kwa hiyo waandikie udahili, siyo kwa mdomo, kwa imeli: "naomba barua fupi inayotaja GPA mliyoitumia kunidahili kwenye kipimo cha 4.0". Ikija iweke PDF moja na matokeo yako, pandisha, halafu piga simu uulize kama wameiona. Usiache wazi hata kama fomu inakubali kuachwa wazi. Matawi mengi yana kiwango chao cha chini cha alama, na aliye chini yake anakatwa kwenye orodha kabla hata sura yake haijaonekana.

Barua za mapendekezo kutoka kwa wanachama wa zamani, vyama vingi vimeacha kuzidai. Msianze kuhangaika Dar nzima kutafuta mama aliyesoma Alabama.

Hela

Hapa ndo naomba msome pole pole. Kwenye kijitabu cha usajili utakuta wastani wa gharama. Huo wastani ndo mchawi. Unakwambia ada ya mwanachama mpya, haukwambii beji, tishirti za kila tukio, picha, gauni la sherehe, na faini ya kukosa kikao. Kuna na ada ya nyumba hata kama hulali kwenye nyumba yenyewe. Kubwa kuliko yote ni kwamba nyumba nyingi zina sharti la kuishi humo, mara nyingi mwaka wa pili, na mkataba wake wa kodi na chakula unaweza kuwa maelfu ya dola, wakati wewe ulishahesabu utapanga chumba cha bei poa na wenzako wa nyumbani.

Ukiuliza siku ya mazungumzo utakutana na tabasamu. Wasichana wamefundishwa wasiingie kwenye habari za hela, siasa, dini, pombe wala wanaume, kwa hiyo ukigusa tu ada anakwambia "swali zuri sana, nitamwita anayehusika", na anayehusika anafika wakati muda umeisha na mnatolewa nje kwa nyimbo. Mwulize kiongozi wako wa kikundi, wengi wanawaita Rho Gamma, hao ni wanachama waliojitenga na vyama vyao kwa muda ili wawasaidie bila upendeleo. Muulize hivi: jumla ya mwaka wa kwanza ni ngapi, jumla ya mwaka wa pili ni ngapi, nani analazimika kuishi ndani, kuna kulipa kidogo kidogo? Nyumba isiyojibu mpaka siku ya tatu mi ningeishusha chini hata kama wanaimba vizuri.

Piga na hesabu yako. F-1 inakuruhusu saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa masomo. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, yani dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Pengine chuo chenu kinalipa zaidi, ila anzieni hapo, halafu mtoe vocha, chakula na ile ya kutuma nyumbani.

Kuzunguka nyumba

Siku ya kwanza unaenda zote, kila siku zinazofuata zinapungua: siku ya kazi zao za hisani, siku ya udugu, mwisho ule usiku wa mapendeleo ambapo watu wanalia mishumaa ikiwaka. Ndani mazungumzo ni ya dakika chache. Unaongea na mmoja, ghafla mwingine anatokea ubavuni, anamgusa mwenzake kiwiko, yule anapotea, wewe unaanza upya "naitwa nani, natoka wapi, nasoma nini". Kufikia nyumba ya sita Tanzania yangu ilishakuwa na mlima mmoja na sentensi mbili. Vaa viatu vya kutembelea, vya kuonyeshea weka kwenye mfuko, jua la Agosti la kusini siyo la mchezo.

Kila jioni unazipanga nyumba kwa upendeleo wako, nao wanakupanga wewe, kompyuta inakutanisha orodha, asubuhi unapata ratiba ya waliokuita tena. Usisome sana maana ya nani kakuacha. Kuna hesabu nyuma ya pazia inayowalazimisha wenye waombaji wengi kuacha watu wengi mapema, hata waliowapenda. Na ukiitwa mahali nenda, hata hukupapenda, kwa sababu kukosa bila udhuru ni kuipoteza nafasi hiyo bila kupewa nyingine.

Ile saini

Usiku wa mwisho, mkitoka tu kwenye mishumaa, macho bado mekundu, mnakalishwa kwenye kompyuta kujaza MRABA, siyo mraba wa hesabu, ni kifupi cha Membership Recruitment Acceptance Binding Agreement. Wanaiita karatasi ya kuchagua, lakini soma, ni mkataba. Chama chochote utakachokiandika pale, namba moja au ya mwisho, umekubali kujiunga nacho kikikuita. Ukikataa mwaliko wake baada ya kusaini, umefungiwa kujiunga na chama kingine chochote cha NPC hapo chuoni mpaka usajili mkuu unaofuata. Na ukishabonyeza hakuna kubadilisha.

Jirani yangu wa bweni, msichana wa Mombasa, aliandika namba mbili nyumba ambayo ada yake alishajua haiwezi, kwa sababu msimamizi alimwambia "jaza zote tu upate nafasi". Ni kweli kujaza zote kunaongeza nafasi, msimamizi hakudanganya. Ila hakumwambia kwamba hulazimiki kuandika usiyoitaka au usiyoiweza. Akapangiwa ile ile, akakataa, akakaa mwaka mzima anaangalia wenzake.

Kwa hiyo ingia na orodha yako tayari umeiandika kwenye karatasi mchana, kabla ya machozi, baada ya kuongea na anayekulipia. Ukiandika moja tu isipokuita unaweza kubaki bila kitu wiki hiyo, lakini mkono wako uko huru. Baada ya hapo nyumba zenye nafasi zinaendelea kupokea watu kimya kimya katikati ya semista, bila nyimbo, bila mishumaa, unakaribishwa chakula tu mnaongea kibinadamu, na hapo jibu la hela linapatikana siku hiyo hiyo. Waambie ofisi ya Panhellenic jina lako libaki kwenye orodha ya hao wanaotafuta, kwa sababu hawakuweki wenyewe.

Kabla hujasaini chochote fungua pia tovuti ya chuo utafute ripoti ya unyanyasaji wa wanachama wapya. Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitaje hadharani vyama vilivyokutwa na makosa hayo. Kwetu ipo chini kabisa ya ukurasa, maandishi madogo ya kijivu, teremka tu utaiona.