Namna ya Kuthibitisha kwamba Kundi Dogo ni la Kawaida

Vijana wa chuo wanaorudi Lamu likizoni hunijia barazani na swali lile lile: wamepewa kundi G la aljebra (mkusanyiko wa vitu au vitendo vinavyounganishwa viwili viwili, kila kimoja kikiwa na kinyume chake) na kundi dogo N ndani yake, yaani sehemu ya G iliyo kundi yenyewe, nao watakiwa kuthibitisha kwamba N ni la kawaida. Wengi huanza kwa kutafuta gn = ng kwa kila g na kila n, jambo ambalo halitakiwi na mara nyingi si kweli.

Linalotakiwa ni kwamba, uchukuapo n yoyote katika N na g yoyote katika G, zao gng⁻¹ (g⁻¹ ni kinyume cha g) libaki ndani ya N, hata kama si n ile ile. Mimi hulionyesha kwa kipande cha boksi nilichokikata mfano wa hamri, chenye pembe tatu na pande zilizo sawa. Mizunguko yake ya nyuzi 0, 120 na 240 ndiyo N. Kipindue kwa mhimili uliosimama wima mbele yako, kizungushe nyuzi 120, kisha kipindue tena kwa mhimili huo huo: utakikuta kimekaa kana kwamba kimezungushwa nyuzi 240. Mzunguko umebadilika, lakini haukutoka katika N. Sasa jaribu kundi dogo lenye mpinduo huo mmoja na hali ya kutogusa kitu. Zungusha nyuzi 120, pindua, kisha rudisha nyuzi 120. Utapata mpinduo wa mhimili mwingine, ambao haumo. Mfano mmoja kama huo watosha kulikataa.

Katika kuandika, ukishahakiki kwamba N ni kundi dogo kweli (hatua inayosahauliwa mno), anza na maneno “chukua g yoyote na n yoyote”, kisha tumia sharti lile lile linaloielezea N. Kwa matrisi (majedwali ya namba) zenye kinyume, ikiwa N ni zile zenye detaminanti 1 (detaminanti, det, ni namba ipatikanayo kutokana na matrisi, na ya zao ni zao la detaminanti), basi det(gng⁻¹) = det(g) · 1 · det(g)⁻¹ = 1, na kazi imekwisha. Huna haja ya kuthibitisha pia kwamba N imo ndani ya gNg⁻¹ (mkusanyiko wa gng⁻¹ zote), kwa kuwa g ni yoyote, na ukiweka g⁻¹ mahali pake upande huo wapatikana wenyewe.

Na iwapo N ni nusu kamili ya G, usihangaike na hesabu: kwa g isiyokuwamo katika N, gN (mazao yote gn) na Ng (mazao yote ng) zote mbili ni ile nusu iliyobaki, kwa hiyo ni sawa, na hapo gng⁻¹ haitoki N.