Kwenda Fort Jesus kwa kundi
Mkitoka Malindi kuitembelea Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na kurudi siku hiyo hiyo, ondokeni saa 12 asubuhi, si saa 2. Mombasa ni kama kilomita 120, na foleni ya daraja la Nyali yaweza kuwala saa nzima. Anzeni juu ya kuta kungali na ubaridi. Vyumba vya maonyesho viingieni adhuhuri, jua likishachachamaa uani. Msiyapite mbio mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama hapo mbele mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Watoto hupenda hapo kuliko mizinga! Nauli na kiingilio akusanye mtu mmoja, siku mbili kabla. Chakula msibebe, Mji wa Kale uko ubavuni.