Somo: Kuchora komiki ya taharuki inayomshika msomaji moyoni

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Wengi mmeniomba somo la komiki za kutisha, na kazi mnazonitumia zimejaa damu, visu na macho mekundu. Mikono yenu ni mizuri, hilo nalisema bila kuficha. Lakini nikishafunga ukurasa sibaki na kitu. Leo nataka tufanye taharuki ya kisaikolojia, ile ambayo hatari imekaa ndani ya kichwa cha mtu na msomaji akaondoka nayo mpaka kitandani. Naipenda kuliko aina zote, kwa sababu huwezi kumtia msomaji hofu ya namna hii kabla hujamfanya amjali mhusika.

Tutachora kurasa nne tu. Chukua karatasi moja ya A4 uikunje katikati, penseli, ufutio na kalamu ya wino mweusi. Rangi tuziache.

Hatua ya 1: Tafuta jambo ambalo mhusika anaogopa kulijua

Mtu anayeogopa simba anakimbia, na hadithi imekwisha. Mtu anayeogopa kuujua ukweli hana pa kukimbilia, maana ukweli wenyewe anauhitaji.

Hadithi yetu ya mazoezi ni hii. Bi Zuhura anaishi peke yake Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya juu, dirisha linatazama kichochoro. Mwanawe Faiz alipanda meli akaenda kazini, na habari zake zikakatika. Sasa kila jioni baada ya Maghrib simu ya Bi Zuhura inaita, na jina linalojiandika kwenye kioo ni Faiz. Naye hapokei.

Kaa hapo kidogo. Mama aliyekesha akimwomba Mungu apate habari za mwanawe, habari zenyewe zinapiga hodi, naye hafungui. Kwa nini? Kwa sababu simu inapoita, Faiz yu hai. Akipokea akasikia sauti ya mtu mwingine, Faiz amekufa. Kila mmoja wetu ana simu ya aina hiyo maishani mwake: majibu ya hospitali ambayo hajaenda kuyachukua, au ujumbe aliouona umeingia akaupita. Msomaji atamtambua Bi Zuhura hata kama hajawahi kufika Mombasa.

Ukishampata mhusika wako, andika sentensi moja: "Fulani anataka kujua jambo fulani, na hilohilo ndilo analoliogopa." Ikikushinda sentensi hiyo, usianze kuchora.

Hatua ya 2: Mwambie msomaji mapema

Wengi mnaficha kila kitu mpaka ukurasa wa mwisho, halafu mnamrukia msomaji. Huko ni kumshtua, na mshtuko ni wa sekunde chache. Mwaka 1962 mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenziwe François Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wamekaa wanazungumza, bomu likalipuka ghafla: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15. Lakini watazamaji wakijua tangu mwanzo kwamba bomu liko pale, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanawatesa kwa dakika 15 nzima.

Bomu letu ni hili: laini ya simu isipotumiwa kwa muda mrefu, kampuni huirudisha sokoni akauziwa mtu mwingine. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa pili mtie mtoto wa jirani, ameleta kisahani cha bajia, aseme tu kama mtoto: "Bibi, kumbe namba za zamani kama ya kaka huuziwa watu wengine." Bi Zuhura akijifanya hakusikia, msomaji amesikia. Tangu hapo kila simu ikiita, msomaji ndiye anayeumia, tena anaumia kwa niaba ya mama wa watu.

Hatua ya 3: Vunja muda vipande

Hii ndiyo hatua ninayotaka muirudie mara nyingi.

Kwenye filamu, mwongozaji ndiye mwenye saa. Kwenye komiki huna saa. Una nafasi tu, na nafasi hiyo ndiyo muda wako. Visanduku (vile vyumba vya picha kwenye ukurasa) vikiwa vipana na vichache, muda unapita wenyewe. Visanduku vyembamba vingi kwa tendo moja dogo, sekunde moja inakuwa ndefu mpaka mtu anasahau kupumua.

Aliyelifanya hili kwa namna ninayoitazama hadi leo ni mchoraji Bernard Krigstein, katika hadithi iitwayo "Master Race", iliyotoka Marekani mwaka 1955 kwenye toleo la kwanza la jarida la Impact. Alipewa kurasa 6. Akaomba 12, akakubaliwa 8. Basi akazikatakata kurasa zilizokwisha kupangwa, akazipanga upya ili apate visanduku vingi zaidi. Mtu mmoja anapanda treni ya chini ya ardhi New York, anamwona abiria aliyevaa nguo nyeusi, na kumbukumbu za kambi ya mateso ya Wanazi zinamrudia. Polepole tunagundua kwamba yeye hakuwa mfungwa kule, alikuwa mkuu wa kambi. Anakimbia, anaanguka relini, treni inampitia. Na hapo Krigstein anaikata ile nukta moja ya treni kupita kuwa vipande vyembamba, nyuso za abiria madirishani zikijirudia na kujirudia. Mwisho yule wa nguo nyeusi akiulizwa, anasema hamjui mtu huyu. Tazameni uzito wa jibu hilo: huenda hakuna aliyekuwa akimfukuza isipokuwa dhamiri yake.

Sasa turudi kwa Bi Zuhura. Mkono wake kwenda kwenye simu ni tendo la sekunde mbili. Ukurasa wa tatu wote utumie kwa tendo hilo. Simu ikitetemeka mezani, imesogea kidogo kutoka ilipokuwa. Vidole vyenye hina iliyofifia, vimekunjwa. Kikombe cha pili cha chai, kimefunikwa kisahani, hakijaguswa. Simu, imesogea tena, sasa iko karibu na ukingo wa meza. Jicho la mama, nusu tu. Vidole vimekunjuka. Simu na kidole, na kati yao weupe mtupu wa karatasi.

Angalieni simu inavyosogea yenyewe. Sasa kuna hofu mbili, ya kupokea na ya kuanguka, na kidole lazima kiamue.

Hatua ya 4: Uheshimu mwanya

Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mwanya mweupe. Wengi mnauchukulia kama pambo la ukurasa, na humo ndimo hadithi inamotokea. Msomaji anaona kitu hiki, anaona kile, halafu anaunganisha mwenyewe kwa kutumia maisha yake. Wewe ukichora kilio cha mama, umechora kilio kimoja. Ukichora uso mkavu wa mama, kisha viatu vya Faiz mlangoni vimefutwa vumbi, kila msomaji analia kwa kilio chake.

Wanafilamu wa Urusi waliligundua hili karne iliyopita. Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika hata kidogo, akauunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na jeneza. Watu wakaona njaa, kisha wakaona majonzi. Basi nawasihi: nyuso zenu zipoze. Midomo iliyopanuka na jasho linaloruka vinamnyang'anya msomaji kazi yake.

Jaribio la haraka: chukua kurasa zako, funika kisanduku kimoja kimoja kwa kidole. Ukikifunika na hadithi ikaeleweka bado, kiondoe.

Hatua ya 5: Pigia hesabu kufunua ukurasa

A4 iliyokunjwa ina kurasa nne, na msomaji anafunua mara mbili tu: kutoka wa 1 kwenda wa 2, na kutoka wa 3 kwenda wa 4. Kwa hiyo chini kabisa ya ukurasa wa 1 weka swali (jina la Faiz kwenye kioo cha simu), na chini ya ukurasa wa 3 weka kidole. Usiweke jambo kubwa juu ya ukurasa wa 3, kwa sababu jicho litaliona tangu lilipokuwa kwenye wa 2.

Wanaosoma manga, yaani komiki za Kijapani, watakumbuka kwamba huko vitabu hufunguliwa kutoka kulia, na hesabu inageuka. Waliosoma chuoni na kuzoea msahafu huwa hawahangaiki nazo.

Hatua ya 6: Maneno yawe machache

Herufi kubwa, zisomeke. Mlio wa simu uandike mara ya kwanza tu, "vrrr", halafu uache. Msomaji ataendelea kuusikia. Usiandike "Bi Zuhura aliogopa sana."

MASWALI YA WANACHAMA

Binti_Kibokoni: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu mambo ya namna hii watu husema ni jini. Nikitia jini ni makosa?

Marahaba mwanangu. Si makosa, na ni hadithi zetu hizo, tumelelewa nazo. Ila ukimwachia jini kazi yote, umemtoa mhusika kwenye lawama na msomaji kwenye hofu. Anaitwa mganga, yamekwisha. Acha milango yote miwili wazi. Jirani aseme ni jini, daktari aseme ni kukosa usingizi, na wewe usichague. Na zaidi ya hapo, mbebeshe mhusika jambo alilolitenda mwenyewe. Mchoraji Naoki Urasawa, katika komiki yake Monster iliyotoka kwa mfululizo Japani kuanzia 1994 hadi 2001, alimpa daktari mpasuaji mzigo huu: aliokoa uhai wa mtoto, na mtoto huyo akakua akawa muuaji. Daktari alifanya jema. Hakuna mganga wa kumtoa hapo.

Na tafadhali, kwenu nyote: msimfanye mgonjwa wa akili kuwa ndiye muuaji wa hadithi kwa sababu tu ni mgonjwa. Tuna ndugu zetu majumbani wanaoumwa, na wanafichwa vya kutosha.

Kalamu_Kisauni: Bro wangu mkubwa ndiye alinifunza kuchora, lakini mamangu anasema komiki hizi zinaharibu watoto. Dada, nimjibu vipi?

Usimjibu kwa ukali. Mabishano hayo ni ya zamani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuzilaumu komiki Marekani, zikajadiliwa mpaka kwenye Seneti, na wachapishaji wakajitungia kanuni kali mwaka huohuo. Mama ana haki ya kuuliza. Andika kwenye jalada kazi yako ni ya umri gani, halafu mpe asome ya kwako mbele yako. Hadithi ya Bi Zuhura mama yeyote ataielewa kuliko wewe uliyeichora.

MchoraMji: Nikichora Mji wa Kale inatoka kama kadi ya posta ya watalii. Milango ya nakshi, Fort Jesus, basi. Nifanyeje?

Chora anachokitazama mhusika, na hakuna mtu anayetazama mlango wake mwenyewe. Bi Zuhura anatazama waya za umeme zilizosongamana mbele ya dirisha, kamba ya nguo, paka juu ya bati, mtu wa kahawa anayepita chini akigonganisha vikombe. Kaa barazani jioni na daftari, uchore mikono na migongo ya watu. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Ngome iache kwa wanaouza kadi.

Nyota_Bamburi: Sina karatasi nzuri, nachora kwa simu na kidole. Na watu wataisomea WhatsApp. Hatua ya 5 si yangu?

Ni yako zaidi. Programu kama ibisPaint inatosha kabisa. Ukituma kila kisanduku kama picha yake, basi kila kutelezesha kidole ni kufunua ukurasa, una mifunuo mingi kuliko sisi wa karatasi. Usiitumie yote kwa mshtuko. Picha tatu za kawaida, ya nne ndiyo ibane. Na ukiweka kwenye status, kumbuka msomaji ana sekunde chache tu, kwa hiyo maneno yapunguze tena.

Faharasa: Mwalimu, hujatuambia. Atapokea au hatapokea?

Kwangu mimi anapokea. Ukurasa wa 4 una kisanduku kimoja, na anayezungumza ni yeye tu: "Faiz, usiseme kitu mwanangu. Nisikilize tu." Kiputo (lile duara la maneno) cha upande wa simu ni kitupu. Sijamwambia msomaji nani yuko huko, lakini mimi ninajua, na nimeandika kwenye karatasi ya pembeni ni nani, ana miaka mingapi, na kwa nini anaendelea kupiga. Lazima ujue. Usipojua, kile kiputo kitupu kitaonekana kama umesahau kuandika.

Soja_wa_Shimanzi: Mimi ni mlinzi wa godauni, nachora usiku. Hadithi yangu: mlinzi anasikia mtu akigonga kutoka ndani ya ghala lililofungwa. Anajua ni tupu kwa sababu yeye ndiye aliyelifunga. Nimetuma kurasa sita. Wapi panalegea?

Nimezisoma zote, ndugu yangu, na wazo lako ni zito. Panalegea ukurasa wa pili, kisanduku cha tano, anapojiambia "labda nilimfungia mtu." Umemtegulia msomaji bomu. Futa kiputo hicho, uchore mkono wake ukihesabu funguo kwa mwanga wa tochi, halafu uchore tena, funguo zilezile. Msomaji atalifikia wazo hilo mwenyewe na litamuuma zaidi. Ukurasa wa nne na wa tano ziunganishe, zinasema jambo moja. "Ngo! ngo! ngo!" ya mwisho iondoe, iache ile ya ukurasa wa kwanza peke yake. Utabaki na kurasa tano, moja inazidi ya karatasi yetu: itoe ile ya mkewe nyumbani, ingawa najua umeichora vizuri kuliko zote, uihifadhi kwa hadithi nyingine. Nitumie tena ukimaliza penseli, kabla ya wino.