Jinsi ya kuandaa Fantasia ya Schubert kwa mikono minne, kuanzia kwa anayekaa kushoto

Wawili wakikaa kwenye piano moja, macho ya wasikilizaji huenda kulia, kwa mpigaji wa primo, kwa sababu wimbo uko kwake. Wa kushoto, mpigaji wa sekondo, huonekana msindikizaji tu. Nimekaa pande zote mbili kwa miaka mingi, na ninaamini kabisa kwamba mwenye nyumba ni wa kushoto. Yeye ndiye anayeshika mwendo, besi ni yake, na mguu wake ndio unaokanyaga pedali, ile ya kulia inayoacha nota ziendelee kuvuma, kwa niaba ya wote wawili. Sekondo akiyumba, primo hana pa kusimama, hata awe hodari kiasi gani.

Nitaeleza njia yangu kwa kutumia kazi ninayoipenda kuliko zote za aina hii: Fantasia katika F maina, D. 940 (namba yake katika orodha ya kazi za mtunzi huyu), ya Franz Schubert. Aliitunga Vienna mwanzoni mwa 1828, na tarehe 9 Mei mwaka huo akaipiga pamoja na mtunzi mwenzake Franz Lachner mbele ya rafiki yao Eduard von Bauernfeld. Novemba 19 alifariki, akiwa na miaka 31. Ilichapishwa mwaka uliofuata, ikiwa imetunukiwa Caroline Esterházy, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa piano. Ina sehemu nne zinazofuatana bila kusimama, na huchukua karibu dakika 20. Kama bado ni nzito kwenu, anzeni na vipande vya mtunzi Anton Diabelli, opus 149, ambamo primo hupiga nota tano tu bila kuhamisha mkono. Hatua zote zilizo hapa chini zinafaa huko pia.

Hatua ya 1: Gaweni viti kwa masikio

Mazoea ni kumpa hodari primo na mwanafunzi sekondo. Kwa Fantasia hii fanyeni hivi: mwenye mwendo usioyumba na sikio la kusikia besi akae kushoto. Mwenye mkono wa kuimba akae kulia. Aliyewahi kuimba kwaya ananielewa; sauti ya kwanza ikipotea kidogo watu huvumilia, lakini besi ikipotea kwaya nzima inashuka.

Hatua ya 2: Kaeni kwenye viti viwili

Vibao 88 vya piano vina upana wa kama sentimita 122. Kila mmoja wenu ana takriban sentimita 61, pungufu ya upana aliouzoea anapopiga peke yake. Benchi moja refu linapendeza kwenye picha, lakini mrefu na mfupi hawawezi kurekebisha kimo chao juu yake. Chukueni viti viwili, mvirudishe nyuma kidogo, na kila kimoja kielekee katikati kwa pembe ndogo. Kiwiko cha kushoto cha primo na kiwiko cha kulia cha sekondo vikae karibu na mbavu.

Sekondo akae mahali ambapo mguu wake wa kulia unafika pedali bila kumsukuma mwenzake. Primo asogeze miguu yake pembeni na kuiacha huko.

Hatua ya 3: Andaeni kitabu kabla ya kugusa piano

Katika matoleo mengi sekondo huchapishwa ukurasa wa kushoto na primo wa kulia, kwa hiyo hakuna anayeona nota za mwenzake. Wekeni namba za vipimo, vile visehemu vinavyotengwa kwa mistari ya wima, kwa penseli pande zote mbili (Fantasia ina vipimo 570, na mtashukuru siku mtakapopoteana katikati ya mazoezi). Kisha kila mmoja anakili kwenye ukurasa wake, kwa nota ndogo juu ya mstari, vipande vya mwenzake anavyopaswa kuvisikia kabla ya kuingia.

Amueni nani anafungua kila ukurasa. Afungue mwenye mkono ulio huru wakati huo, na jina lake liandikwe pale pale pembeni.

Hatua ya 4: Badilishaneni viti kwa wiki nzima

Kila mmoja akishajua nota zake kwa mwendo wa taratibu, hameni. Primo apige sekondo, sekondo apige primo, hata kwa kubabaisha. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda, nami huwashauri wasiiruke. Mpigaji wa primo aliyewahi kuubeba ule msingi wa mwanzo kwa mikono yake hawezi tena kuukimbiza wimbo. Vidole vyake vinajua uzito wa kinachopita chini.

Hatua ya 5: Fanyieni kazi mwanzo

Sekondo anaanza peke yake, polepole na kwa sauti ya chini, akizivunja nota za F maina. Kisha primo anaingia na ule wimbo: C inarudiwa kwa mdundo wa kusitasita, halafu inaruka juu hadi F. Uzuri wote wa kazi hii umo katika mruko huo mdogo, na kuuharibu ni rahisi mno.

Zoezi: sekondo apige mwanzo huo mara kumi, bila kubadili mwendo. Mara tano za kwanza primo auimbe wimbo kwa mdomo, mikono ikiwa mapajani. Mara tano zinazofuata aupige. Akisikia kwamba sekondo amechelewa, amewahi au amemngoja, rudieni kuanzia moja. Sekondo asimfuate primo hapa. Atembee tu, primo apande.

Pale mnapopaswa kupiga kodi (nota kadhaa kwa mpigo mmoja) pamoja kutoka kimya, kwa mfano mwanzo wa Largo, sehemu ya pili iliyo ya taratibu, tumieni pumzi. Mmoja avute hewa puani kwa urefu wa pigo moja la mwendo huo huo, na kodi itue pumzi inapogeuka. Kutikisa kichwa pia husaidia, lakini pumzi inabeba mwendo na nguvu kwa pamoja.

Hatua ya 6: Pedali

Hapa ndipo mtakapotumia muda mwingi, na mnastahili kuutumia. Mguu ni wa sekondo, lakini sikio la mguu huo lazima liwe kwenye wimbo wa primo. Mpigaji aliyezoea kupiga peke yake hukanyaga kwa kufuata besi yake, na nota mbili za wimbo zinazogombana hubaki zikivuma pamoja.

Zoezi ambalo limewasaidia wanafunzi wangu kuliko maelezo yangu yote ni hili. Primo apige sehemu yake peke yake. Sekondo asipige nota hata moja. Akanyage pedali tu, kana kwamba anapiga primo kwa mguu. Fanyeni hivyo kwa ukurasa mzima mpaka wimbo utoke safi. Halafu sekondo aongeze mkono wa kushoto pekee, kisha wa kulia.

Kumbukeni pia kwamba piano za Vienna za wakati wa Schubert zilikuwa nyepesi, na sauti yake ilififia upesi kuliko ya piano za leo. Besi aliyoiandika kwa ala ile, ikipigwa kwa uzito ule ule kwenye piano kubwa ya sasa, inafunika kila kitu. Mkono wa kushoto wa sekondo uwe mwepesi, na pedali isifike chini kabisa. Nusu yake mara nyingi inatosha. Kama piano yenu ni ya umeme, hakikisheni pedali yake inaweza kutoa hiyo nusu, maana nyingine huwaka na kuzima tu.

Hatua ya 7: Mikono inapokutana

Mtagusana, na pengine mtahitaji kibao kimoja kwa wakati mmoja. Mchoro wa Johann Nepomuk della Croce wa familia ya Mozart unawaonyesha Wolfgang na dada yake Nannerl wakipiga huku mikono yao imepishana, kwa hiyo jambo hili ni la tangu zamani. Kanuni ni mbili. Anayeshikilia nota ambayo mwenzake anaihitaji aiachie mapema kidogo, pedali itaibeba. Na katika kila mahali pa kupishana andikeni nani anapita juu, karibu na mbao za nyuma, na nani anabaki chini, kwenye ukingo wa vibao.

Hatua ya 8: Sehemu zilizobaki

Largo na ile Allegro vivace, sehemu ya tatu iliyo ya kasi, ziko katika F-shapu maina. Kwenye Largo kubalianeni hasa urefu wa nota fupi baada ya zile ndefu. Allegro vivace itawakimbiza, tumieni metronomu.

Kisha mada ya mwanzo inarudi na kuzaa fuga (sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na mada ile ile), iliyojengwa juu ya mada ya pili ya sehemu ya kwanza. Hapa kila mkono unadhani wimbo ni wake. Ipakeni mada rangi kila inapoingia, na zoezeni sauti mbili mbili, moja kutoka kwa kila mpigaji. Mkono unaoingia na mada usikike, mingine mitatu ishuke.

Mkishafika hapa, ndipo msikilize wapiga piano wengine waliorekodi kazi hii: Murray Perahia na Radu Lupu, wa mwaka 1984, Sviatoslav Richter na Benjamin Britten, au Emil Gilels na binti yake Elena. Sikilizeni mara moja mkifuata mkono wa kushoto wa sekondo peke yake, na mara ya pili mkifuata pedali. Kwa Perahia na Lupu sijawahi kuisikia besi ikimlemea wa juu.

Fuga inapanda mpaka inakatika ghafla, na kinafuata kimya. Hesabuni kimya hicho kikamilifu, wote wawili, bila kutazamana. Sekondo aondoe mguu kabisa. Halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi kwa mara ya mwisho, mfupi, na kodi zinashuka hadi F maina. Kodi ya mwisho iachieni kwa pumzi ile ile mliyoanzia Largo: vidole kwanza, pedali baadaye, na mikono yote minne ibaki juu ya vibao mpaka chumba kinyamaze.